Pilipili Zilizoiva Kibo
Miche yangu ya pilipili hapa Mwanga naimwagilia kwa kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari. Nikisahau siku mbili za kiangazi, imelala.

Angani hakuna wa kusahau. Mwaka 2021, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, pilipili za mwisho zilichumwa siku 137 baada ya jaribio kuanza, ndani ya kisanduku chenye vihisi zaidi ya 180, huku wataalamu wakizichungulia kutoka Florida. Udongo wake ni chenga za mfinyanzi uliochomwa, kama chungu kilichopondwa. Upepo haupo, basi feni zikayatikisa maua yachavuke.

Kisanduku kimo kwenye chumba cha Wajapani kiitwacho Kibo (si kile cha Kilimanjaro, kwao maana yake tumaini). Wanaanga walizila na nyama ya ng'ombe. Mimi ningeomba samaki, mgebuka.