Usinunue mashine ya kusaka hazina kabla ya kujua utaitembeza wapi

UMEONA zile video. Jamaa anatembea shambani kule Uingereza, mkononi ana mashine inayofanana na ufagio uliofungwa sahani mwishoni. Mashine inalia, anapiga magoti, anachimba kidogo, na punde anafuta udongo kwenye sarafu ya fedha iliyozikwa miaka mia nne. Wewe uko kwenye matatu, jam imeshika Thika Road, unajiambia: hata mimi hii naiweza.

Na kweli unaiweza. Kutembeza kitambuzi cha metali ni burudani poa. Unapunga hewa, unatembea kilomita kadhaa bila kuhisi, na kila mlio ni kamchezo ka bahati nasibu. Shida huanza pale unaponunua mashine kwanza, halafu ndipo unajiuliza utaipeleka wapi. Hapo mkwanja hupotea, na kuna mahali unaweza kuingia nayo ukatoka ndani ya Land Cruiser ya polisi.

Kwa hivyo maswali yako yafuate mpangilio huu: utatafuta wapi, unatafuta nini, sheria inasemaje. Mashine ije mwisho.

Inavyofanya kazi

Ndani ya ile sahani mna koili za waya wa shaba. Moja hutuma nguvu za sumaku ardhini. Zikikuta metali, umeme mdogo huzunguka ndani yake, na metali hiyo hujibu kwa sumaku yake ndogo. Koili ya pili inasikia jibu hilo, na mashine inalia.

Sisi mtaani huita kila kitu chuma, lakini mashine haichanganyi. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri, kwa hivyo jibu lake ni tofauti na la msumari. Vitambuzi vingi rahisi hukuonyesha tofauti hiyo kwa namba kwenye kioo au kwa sauti nene na nyembamba. Unaweza hata kuiamrisha mashine isijali chuma ili misumari isikusumbue.

Lakini hapo pana mitego miwili. Wa kwanza, pete nyembamba ya dhahabu na kishikio cha mkebe wa soda hutoa namba zinazokaribiana sana. Ukiiambia mashine ipuuze takataka za alumini, umeipuuza na pete. Wa pili, ile shilingi moja ya siku hizi ni chuma kilichopakwa nikeli. Ikaribishe kwenye sumaku ya spika uone inavyonasa. Mashine iliyoambiwa isijali chuma inaweza kuipita kama haipo. Anayeanza ni afadhali achimbe kila mlio kwa wiki chache, masikio yazoee.

Mahali ndipo panapochagua mashine

Kama utazunguka uwanja wa mtaa au shamba la nyanya huko mashambani, kitambuzi rahisi cha masafa ya chini kinatosha. Mfano ni Garrett ACE 200 au ACE 300 kutoka Marekani. Ni vyepesi, unawasha na kutembea. Kasoro yake ni kwamba havikuruhusu kuvirekebisha kulingana na udongo. Udongo mwekundu wa Kiambu au Murang'a umejaa madini ya chuma, na madini hayo huipigia mashine kelele na kuipunguzia kina. Kama huko ndiko kwenu, tafuta mashine yenye uwezo wa kujisawazisha na udongo, mfano Nokta Simplex ya Uturuki.

Ukiwa Mombasa, Kilifi au Diani, hesabu hubadilika. Mchanga mkavu ulio juu ya mstari wa maji kujaa hauna noma. Karibu mashine yoyote inafanya kazi. Lakini mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme wenyewe, na mashine ya masafa mamoja huanza kulialia bila sababu. Hapo unahitaji inayotumia masafa mengi kwa wakati mmoja, kama Minelab Vanquish ya Australia.

Uliza pia kuhusu maji. Kwenye mashine nyingi za bei nafuu, sahani inaweza kuzama lakini kisanduku chenye kioo na betri hakiwezi. Wimbi moja tu likikipiga, habari yako imekwisha. Simplex+ ni tofauti. Yote huzama hadi mita tatu.

Je, dhahabu ya Migori na Kakamega? Tulia kwanza. Dhahabu nyingi wanayopata wachimbaji wadogo huko ni chembechembe zilizo ndani ya mawe yanayosagwa. Kitambuzi cha burudani hakioni vumbi la dhahabu. Zipo mashine maalumu za vipande vidogo, zenye masafa ya juu, lakini hizo ni bei nyingine na ni kazi nyingine. Isitoshe, madini yaliyo ardhini ni mali ya taifa na kuyachimba kunahitaji kibali. Hiyo si burudani tena.

Ukifika dukani

Usinunue kwa maneno ya muuzaji. Beba mfukoni shilingi ishirini, msumari, kipande cha karatasi ya alumini na pete ya mtu unayemwamini. Mwambie awashe mashine, uitoe mbali na taa na simu, kisha upitishe vitu hivyo kimoja kimoja mbele ya sahani. Kama msumari na pete vinatoa sauti ileile, rudisha pesa mfukoni.

Pima uzito pia. Ishike na kuipunga kwa dakika kumi. Mkono ukiuma dukani, shambani utalia. Hakikisha ina tundu la visikizi, kwa sababu milio ya vitu vya chini ni hafifu na pia hutaki umati ukufuate. Kitufe cha kulenga ni muhimu mno. Bila hicho utachimba shimo la ndoo kutafuta senti. Kuhusu ukubwa wa sahani, ndogo hupenya vizuri penye takataka nyingi, kubwa hufika chini zaidi.

Kina ndicho wauzaji hudanganyia sana. Kitambuzi rahisi huona sarafu ikiwa sentimita 15 hadi 20 hivi chini. Sufuria kubwa itaonekana chini zaidi, lakini anayekuahidi sarafu iliyo mita tano anakuuzia hewa.

Hewa yenyewe huuzwa pia kwa umbo la antena. Ni vile vifaa vya kushika mkononi vinavyodaiwa kuelekeza kwenye dhahabu iliyo kilomita mbali. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya antena alivyodai hutambua mabomu. Uchunguzi ulionyesha kwamba asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Kama majeshi yalinunua, wewe usijione mjanja. Jihadhari pia na Minelab bandia, hasa zile kubwa za dhahabu, ambazo zimeigizwa sana barani Afrika.

Mashine halisi za kuanzia huuzwa nje kwa takriban dola 150 hadi 350. Ongeza nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kusema ni rahisi. Usimalize bajeti yote kwenye mashine. Bakisha ya kijiko cha mchanga chenye matundu. Fundi wa jua kali pale Kamukunji atakichomelea vizuri ukimchorea.

Sheria si ile ya kwenye video

Hapa ndipo usome polepole. Mwaka 2009 Terry Herbert alipata shambani Uingereza dhahabu nyingi ya kale iliyothaminiwa kwa zaidi ya pauni milioni 3.2, na zawadi ikagawanywa kati yake na mwenye shamba. Iliwezekana kwa sababu Uingereza ina sheria ya hazina ya 1996 inayomlipa mtu aliyeripoti. Wewe uko Kenya.

Sheria yetu ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kifaa chochote kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale. Vitu vya namna hiyo vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na kuvisaka bila leseni ni kosa. Ukivikuta kwa bahati, una siku saba kuyajulisha Makavazi ya Kitaifa na kuonyesha mahali hasa ulipovipata.

Weka hilo kwenye sarafu. Ukiokota senti kumi yenye tundu ya miaka ya 1930, hiyo si ya kale kisheria. Ukiokota pesa ya shaba ya Mombasa ya 1888, ile yenye mizani ya kampuni ya Waingereza, umevuka mstari. Kwa jicho la haraka zote ni senti kuukuu tu. Kwa hivyo soma mwaka kabla ya kufikiria mnunuzi.

Na sheria hii haipo kukunyima raha. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata kisiwani Manda, Lamu, sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Uzito wa habari ile haukuwa bei ya sarafu. Ulikuwa mahali ilipopatikana, kwamba kitu kutoka China kililala kwenye udongo wetu. Kama mtu angeichomoa usiku na kuiuza Mombasa, ingebaki sarafu nyingine tu sokoni, na ukurasa mmoja wa historia ya pwani ungekuwa umechanwa.

Kwa hivyo Gede, Jumba la Mtwana, Takwa, Fort Jesus na mfano wake usikanyage na mashine. Mbuga na hifadhi za bahari pia achana nazo. Kule Salaita, Taita Taveta, palipiganwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na risasi zilibaki. Kuwa na risasi bila leseni ni kosa, hata iwe na kutu. Karibu na maeneo ya mazoezi ya kijeshi Laikipia na Samburu ni hatari zaidi, kwa kuwa mabomu yaliyoachwa bila kulipuka yamewahi kuua na kulemaza wafugaji. Ukifukua kitu usichokielewa, usikiguse. Rudi nyuma, piga simu polisi.

Kwingineko, ruhusa kwanza. Shambani omba mwenyewe, tena kwa maandishi mafupi. Kama ni kijijini, pitia kwa chifu ili watu wasidhani umekuja kupima ardhi yao. Ufuo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma kikatiba, lakini bado salimia wenye vibanda na walinzi, na fukia kila shimo unalochimba.

Basi faida iko wapi?

Ipo, ila si ya sanduku la dhahabu. Baada ya bamvua, bahari husogeza mchanga na kuacha wazi vilivyopotea. Watalii na wenyeji hupoteza pete, funguo na mikufu kila wikendi. Kijana mwenye mashine nzuri na jina safi anaweza kuitwa kutafuta pete ya harusi iliyodondoka na akalipwa kwa kazi hiyo. Lakini kumbuka, ukiokota pete ukijua mwenyewe anaweza kupatikana, kisha ukainyamazia, sheria inaiona kama wizi.

Bara nako kuna kazi. Bikoni nyingi za ploti ni nondo iliyosimikwa kwenye zege, na baada ya miaka kadhaa hufunikwa na udongo. Kitambuzi rahisi huzipata kwa dakika chache. Kuzisogeza au kuzirudisha ni kazi ya sorveya mwenye leseni, lakini sorveya huyo anaweza kufurahia kukupata.

Kama bado una hamu, anza kwa kuazima au kukodi wikendi moja. Nenda uwanja uliopewa ruhusa, chimba kila mlio, hesabu ulichopata: misumari mingapi, vifuniko vingapi vya soda, sarafu ngapi. Ukirudi nyumbani na vifuniko arobaini na shilingi kumi na tano, na bado unatamani kurudi Jumamosi ijayo, nunua. Kama umerudi na hasira kwa sababu hukupata dhahabu, umejiokolea pesa nyingi.