Kutunisha Nguvu ya Injini za Dizeli katika Pikapu za Marekani: Manufaa, Hatari na Suala la Nani Anayezibeba

Ikisiri

Makala hii inafafanua vifaa vinavyobadili programu ya kompyuta ya injini ili kuongeza nguvu ya pikapu za dizeli. Uchunguzi umejikita Marekani, ambako vifaa hivi vimeenea na vimezua mashauri ya kisheria. Hoja inayojengwa ni kwamba manufaa ya kifaa humfikia mmiliki papo hapo, ilhali sehemu kubwa ya gharama huahirishwa au huhamishiwa kwa watu ambao hawakushauriwa.

1. Utangulizi

Mwezi Agosti 2010 kampuni ya Ford ilitangaza kwamba injini ya dizeli ya lita 6.7 katika pikapu zake za Super Duty za modeli ya 2011 ingepanda kutoka nguvu farasi 390 hadi 400, na nguvu yake ya kuzungusha kutoka futi-pauni 735 hadi 800, yaani takriban Nm 997 hadi 1,085. Waliokwisha kununua gari hilo walielekezwa kulipeleka kwa wakala ili waongezewe kiasi hicho bila malipo. Hakuna pistoni iliyobadilishwa wala nozeli iliyoguswa. Kilichobadilika ni programu ya kompyuta peke yake.

Tukio hilo linafaa kutangulizwa kwa sababu linaondoa dhana mbili zinazokinzana. Ya kwanza ni kwamba nguvu inayoongezwa kwa programu ni ulaghai wa wauzaji. Si ulaghai, kiwanda chenyewe kiliiongeza kwa njia hiyo hiyo. Ya pili ni kwamba kiwanda huficha nguvu kwa uchoyo, na kwamba yeyote mwenye kifaa anaweza kuidai bila kulipa chochote. Dhana hii ya pili ndiyo inayohitaji kujadiliwa kwa kina.

2. Suala la istilahi

Anayeandika mada hii kwa Kiswahili hukutana na kikwazo kabla hajaifikia injini. Jina la Kiingereza la kifaa likitoholewa moja kwa moja hutupatia "tuna", umbo ambalo tayari lina kazi nyingine katika lugha yetu. Neno "kurekebisha" lina kasoro kubwa zaidi, kwani hudokeza kwamba kilichotoka kiwandani kilikuwa kimekosewa. Mtafiti akilikubali neno hilo, amekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Kwa sababu hiyo makala inatumia istilahi "kitunishi", kutokana na kitenzi tunisha. Atunishaye misuli hajaongeza nyama mwilini. Ameikaza ile aliyo nayo, na akikaza kupita kiasi ataumia. Ulinganifu huo unatosha kwa mahitaji yetu.

3. Namna kitunishi kinavyofanya kazi

Kompyuta ya injini huhifadhi majedwali ya namba. Jedwali moja huamua kiasi cha mafuta kinachoingia katika silinda, jingine muda wa kuyaingiza, jingine shinikizo la mafuta, na jingine kiasi cha hewa ambacho tabo itasukuma. Juu ya majedwali hayo kuna mipaka: nguvu ya kuzungusha isizidi kiasi fulani katika gia fulani, au mafuta yapunguzwe joto likipanda. Kitunishi cha kawaida ni kifaa cha mkononi kinachochomekwa katika tundu la uchunguzi lililo chini ya dashibodi. Husoma faili ya kiwanda, huihifadhi, kisha huandika nyingine mahali pake.

Aina ya pili haigusi programu. Ni kisanduku kinachopachikwa kati ya kihisi cha shinikizo la mafuta na kompyuta, nacho huipa kompyuta taarifa ya uongo. Shinikizo likiwa juu, chenyewe huripoti kwamba liko chini. Kompyuta, ikidhani kuna upungufu, huongeza. Kisanduku hiki ni rahisi kukipachika na kukiondoa. Kwa maoni yetu, hata hivyo, ndicho kibaya kati ya aina hizo mbili, kwa kuwa mlinzi wa injini anabaki kazini huku amefumbwa macho.

4. Nafasi ya usalama ni ya nani?

Tofauti kati ya uwezo wa chuma na kiasi kinachoruhusiwa na programu ndiyo inayoitwa hapa nafasi ya usalama. Wauzaji wa vitunishi huieleza kama mali iliyolala. Takwimu za viwanda zinaeleza jambo jingine. Katika modeli ya 2013, pikapu za Ram zilifungwa injini ya Cummins ya lita 6.7 kwa viwango vitatu. Yenye giaboksi ya kawaida ilipewa futi-pauni 660 (takriban Nm 895). Yenye giaboksi otomatiki ilipewa 800 (Nm 1,085), na yenye giaboksi otomatiki nzito zaidi, iliyotengenezwa na Aisin, ilipewa 850 (Nm 1,152). Injini ilikuwa moja, na kilichotofautisha viwango hivyo ni uwezo wa giaboksi kuhimili. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuliona jambo hilo hilo karibu zaidi na kwake: Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8 iliyozinduliwa mwaka 2015 ilikuwa na Nm 420 ikiwa na giaboksi ya kawaida na Nm 450 ikiwa na otomatiki.

Ford ilifanya vivyo hivyo kwa sababu nyingine. Injini ile ile ya lita 6.7, ilipofungwa katika magari ya kazi yanayouzwa bila bodi ya nyuma mwaka 2011, ilishushwa hadi nguvu farasi 300 na futi-pauni 660. Gari la namna hiyo hubeba mzigo mchana kutwa, na injini yake haipati pumziko ambalo injini ya pikapu ya familia hupata kila inapofika nyumbani.

Kwa mantiki hiyo, mmiliki anayepachika kitunishi hatumii mali iliyolala. Anatumia akiba iliyotengwa kwa ajili ya klachi, giaboksi, gasketi ya kichwa cha injini na siku ya joto kali. Akiba hiyo huenda isihitajike kamwe. Mwenye pikapu asiyevuta tela na anayekanyaga mafuta kwa nadra anaweza kumaliza miaka mingi bila hasara, kisha akatoa ushuhuda wa kweli kabisa kwamba kitunishi hakina madhara. Ushuhuda wake unahusu mwendo wake yeye.

5. Manufaa yaliyo ya kweli

Nguvu ya ziada ni manufaa, na hakuna haja ya kuibeza. Gari linaloingia barabara kuu likiwa na tela hulihitaji kasi ya kutosha ili lisigeuke kizuizi. Pamoja na hayo, manufaa yenye uthabiti zaidi ni yale yasiyotangazwa sana. Mmiliki aliyebadili matairi ya kipenyo cha inchi 32 akaweka ya inchi 35 ameongeza mzunguko wa tairi kwa takriban asilimia 9. Spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari liko karibu na 109. Kitunishi husahihisha kosa hilo, na hapa neno kurekebisha linastahili. Aidha, huweza kubadili wakati wa kupanda na kushuka kwa gia ili giaboksi isihangaike mlimani, na husoma misimbo ya hitilafu bila safari ya gereji.

Dai la kupunguza ulaji wa mafuta ni dhaifu. Pale ambapo vidhibiti vya moshi vimeachwa vilivyo, tofauti huwa ndogo kiasi kwamba ni vigumu kuitenga na mabadiliko ya mguu wa dereva.

6. Joto, mlima na tela

Mafuta mengi zaidi humaanisha joto zaidi. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na gesi inayotoka katika injini ya dizeli iliyoelemewa huweza kupita kiwango hicho. Pistoni ya alumini huokoka kwa kuwa mlipuko ni wa kitambo kifupi na kwa kuwa mafuta ya injini hurushwa chini yake kuipoza. Kasi ya sekunde kumi haina madhara makubwa. Tatizo ni dakika kumi na tano za kupanda mlima.

Kiwango cha SAE J2807, kinachotumiwa na viwanda kupanga uzito ambao gari linaweza kuvuta, kinalizingatia jambo hili. Gari hupimwa katika mwinuko wa Davis Dam, jimboni Arizona, likiwa na tela, katika joto la takriban nyuzi 38, huku kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Pikapu iliyotunishwa si ile iliyofaulu jaribio hilo. Na hapa kuna kosa linalogharimu maisha: kudhani kwamba nguvu zaidi ni ruhusa ya kuvuta mzigo mzito zaidi. Kitunishi hakiongezi ukubwa wa breki, uimara wa fremu wala uwezo wa matairi.

7. Moshi

Viwango vya Marekani vya mwaka 2007 na 2010 viliyaingiza katika pikapu za dizeli chujio la masizi na, baadaye, mfumo unaonyunyiza mmumunyo wa urea ili kupunguza oksidi za nitrojeni. Vifaa hivi ni ghali kuvitengeneza, na chujio hulazimika kujichoma mara kwa mara kwa kutumia mafuta. Malalamiko ya wamiliki kuhusu gharama hizo yana msingi. Baadhi ya vitunishi viliuzwa kwa kazi ya kuiwezesha injini kuendelea bila vifaa hivyo, jambo ambalo Sheria ya Hewa Safi inalikataza kwa anayeondoa na kwa anayeuza.

Ripoti ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani ya Novemba 2020 ilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vidhibiti katika muda wa takriban miaka kumi, sawa na asilimia 15 hivi ya zile zilizotoka kiwandani zikiwa navyo. Katika uhai wake zingetoa zaidi ya tani 570,000 za ziada za oksidi za nitrojeni na tani 5,000 za masizi. Kwa kipimo cha oksidi hizo, ni sawa na kuongeza barabarani zaidi ya pikapu milioni 9 zisizochokonolewa. Hakuna hoja ya uhuru wa mmiliki inayoweza kuzimeza namba hizo, kwa kuwa mvutaji wa hewa hiyo hapati hata sekunde moja ya kasi iliyonunuliwa.

Wapo wanaojibu kwamba wakubwa nao hukiuka. Jibu hilo lina ukweli. Desemba 2023 ilitangazwa kwamba Cummins imekubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kuhusiana na pikapu za Ram zipatazo 630,000 za modeli za 2013 hadi 2019, zilizodaiwa kuwa na programu ya kukwepa udhibiti wa moshi. Kampuni haikukiri kosa. Hata hivyo, kisa hicho kinathibitisha tu kwamba faili ya kompyuta inaweza kudhuru, awe ameiandika nani.

8. Dhamana na mnunuzi wa pili

Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 hairuhusu mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu mmiliki ametumia kifaa cha kampuni nyingine. Ili adai likataliwe, kifaa hicho sharti kihusishwe na uharibifu uliotokea. Ulinzi huo ni finyu kuliko unavyosimuliwa: giaboksi iliyokatika chini ya nguvu ambayo haikuundiwa ni uhusiano ulio rahisi kuonyeshwa. Kuirudisha faili ya kiwanda kabla ya kwenda kwa wakala mara nyingi hakusaidii, kwani kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hutunza hesabu ya mara zilizoandikwa upya.

Asiye na ulinzi wowote ni mnunuzi wa pili. Vitunishi vingi hujifunga kwa namba ya utambulisho ya gari moja, na faili ya awali hubaki ndani ya kifaa. Mmiliki wa kwanza akiuza gari bila kuirudisha, huondoka na kifaa mfukoni pamoja na kumbukumbu ya jinsi gari lilivyokuwa. Mnunuzi hupokea injini yenye nguvu asiyojua ilikotoka na giaboksi iliyokwisha kutumia akiba yake. Dalili ya kwanza ataipata mlimani, akiwa na tela, au kwenye kituo cha ukaguzi wa moshi, ambako gari litakataliwa kwa jina lake yeye.