Tuache kukwangua viwanja vyetu



Nikipita nyumba kwa nyumba katika zoni yetu hapa Nyarugusu, kila asubuhi nakuta jambo lilelile. Akina mama wameinama na jembe, wanakwangua uwanja mpaka unabaki mwekundu kama tofali. Ukiwauliza sababu, wengi wanasema nyasi zinazaa mbu. Nami nilisema hivyohivyo kabla sijasomea kazi hii.

Mbu wa malaria hataki nyasi kwa kutaga mayai, anataka maji. Hupenda hasa maji machache yaliyotuama na kupigwa na jua: dimbwi la njiani, alama ya tairi la lori, shimo la matofali. Tangu yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 14 tu. Sasa tujiulize, matofali ya nyumba zetu yalitoka wapi? Nyuma ya nyumba nyingi kuna shimo. Mama anakwangua nyasi mbele, na nyuma viluwiluwi vinakua kwa amani.

Tena udongo ulio mtupu hauzuii maji. Sisi nyumbani tulilipa. Msimu wa mvua uliopita maji yalishuka kasi uwanjani, yakala chini ya ukuta, na usiku ukuta ukaanguka. Mdogo wangu alikuwa akilala palepale. Siku mbili kabla alihamia upande wa pili kwa sababu ya kuvuja kwa paa. Mama hadi leo hapendi tuzungumzie habari hiyo.

Baada ya hapo tulipanda ukoka. Haununuliwi, umejaa kando ya barabara. Tulikata vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja na vifundo vyake, tukavipanda kwa mistari kukatiza mteremko, futi moja moja, mvua zilipokolea. Karibu na ukuta tuliacha nusu mita bila nyasi, ili unyevu usikae pale na mchwa waonekane mapema. Maji ya paa tuliyachimbia mtaro mdogo unaoelekea kwenye migomba. Ukingoni, palipoanza kuwa korongo, tulipanda vetiva, maana mizizi yake inakwenda chini sana na kushika udongo. Angalizo: ukoka usiukaribishe kwenye bustani ya mboga. Unatambaa, na kuung'oa ni kazi ya mwaka mzima.

Zikikua, fyeka zibaki urefu wa kidole. Usizichome moto. Zitandaze chini ya migomba, zinatunza unyevu na kuoza kuwa mbolea. Maji ya kufulia nayo mwaga hukohuko, leo shina hili, kesho lile, yasituame.

Mzee mmoja jirani alinikemea: "Mwanangu, unafuga nyoka." Nilimpa shikamoo yake na kumwambia ana haki, kama nyasi zinafika magotini. Katika nyasi fupi nyoka anaonekana. Yeye hufuata panya, na panya hufuata nafaka iliyomwagika na rundo la kuni lililokaa muda mrefu. Hakukubali siku ile, lakini kuni zake alizihamisha.

Shimo usilolitumia lijaze udongo na majivu, usitie plastiki. Kama bado unafyatua matofali, toa maji yaliyotuama kabla wiki haijaisha. Na mchaichai mlangoni ni mzuri kwa chai, ila hauchukui nafasi ya chandarua.

Wengine wananiambia: "Tutaondoka kesho, nipande nyasi za nini?" Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Mama yangu aliambiwa maneno hayohayo akiwa na mimba yangu, nami nimezaliwa humuhumu.

Mvua za Novemba zikianza, anayetaka vipande vya ukoka aje kwetu asubuhi, kabla sijatoka kutembelea nyumba. Aje na ndoo yake.