Kinachoishikilia Pua, Utotoni hadi Uzeeni

Neno mwamba hutumika kwa boriti ibebayo paa la nyumba, na pia kwa sehemu ya pua iliyoinuka kati ya macho na ncha. Ulinganisho huo unafaa kitabibu, ila una kasoro moja: boriti hubaki ileile tangu nyumba ijengwe, ilhali viunzi vya pua hubadilika maisha yote. Kwa hiyo pigo lilelile laweza kuwa na matokeo tofauti kwa mtoto wa miaka 4 na kwa bibi wa miaka 80.

Theluthi ya juu ya pua ni mfupa. Sehemu iliyobaki hushikiliwa na gegedu, tishu imara inayopindika kama ile ya sikio. Nguzo kuu ni gegedu la ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Magegedu ya pembeni huuegemea ukuta huo, yakiunganishwa na kano nyembamba. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando uliolifunika, na jambo hili ndilo lenye uzito mkubwa kwa watoto.

Kwa mtoto mchanga, ukuta huo karibu wote ni gegedu. Sehemu yake ya nyuma hugeuka mfupa taratibu. Ndiyo maana pua ya mtoto aliyeanguka hupinda na kurudi pasipo kuvunjika, picha ya eksirei haionyeshi kitu, na familia hurejea nyumbani ikiwa imefarijika. Faraja hiyo ndiyo ninayoihofia. Pigo likibandua utando, damu huvilia kati yake na gegedu, nalo hukosa lishe. Laweza kuanza kufa ndani ya siku moja hadi nne, na usaha ukiingia uharibifu huenda kasi zaidi. Mwamba hubonyea, na kwa kuwa gegedu hilo huchangia ukuaji wa pua na wa sehemu ya kati ya uso, hasara huendelea kujitokeza hadi mtoto anapobalehe. Baada ya kuanguka, pua ikiziba, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au uvimbe laini ukionekana ndani ya tundu, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo ili damu iliyovilia itolewe. Barafu na dawa za maumivu hazitoshi.

Kabla ya balehe, pua za wavulana na za wasichana hazitofautiani sana. Wasichana kwa kawaida humaliza ukuaji wa pua wakiwa na miaka 15 hadi 16, wavulana mwaka mmoja au miwili baadaye, na upasuaji wa hiari wa kurekebisha umbo husubiri hadi hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walikuta pua za wanaume wenye asili ya Ulaya kuwa kubwa kwa takriban asilimia 10 kuliko za wanawake, wakaeleza kwamba misuli mingi huhitaji oksijeni zaidi. Maelezo hayo yana mantiki, ingawa kiwango hicho kisihamishiwe kwetu hivihivi.

Uzeeni, wengi huamini kwamba pua inaendelea kukua. Kinachotokea zaidi ni kulegea: kano hupoteza nguvu, mfupa wa taya la juu hupungua, hasa meno yaking'oka, nayo ncha hushuka. Hewa hubanwa mahali palipokuwa pembamba tangu awali. Wazee wengi hutumia matone ya kuzibua pua kwa miezi, kumbe matone hayo yakizidi siku chache huziba pua yenyewe. Mzee ainue ncha ya pua kwa kidole, taratibu, avute pumzi. Hewa ikipita vizuri zaidi, huenda kasoro ipo kwenye viunzi, na dawa za mzio hazitairekebisha. Plasta za kutanua pua usiku husaidia baadhi yao. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kuimarisha viunzi kwa kipande cha gegedu lao wenyewe, mara nyingi kutoka kwenye ukuta wa kati au sikioni. Kipimo cha kidole hakimhusu yule ambaye tundu moja tu limeziba na linatoa damu. Huyo achunguzwe ndani ya pua na daktari wa masikio, pua na koo bila kusubiri.