Anayeanza kufuga samaki afuge maji kwanza

KUANZIA Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Migebuka na dagaa wanaouzwa katika masoko ya Kasulu na Kibondo hutoka ziwani humo. Kwa mchuuzi wa huku milimani, miezi ile mitatu ilikuwa fundisho: anayetegemea ziwa peke yake, ziwa likifungwa hana cha kupanga mezani.

Mkulima mwenye kipande cha bonde lenye maji mwaka mzima anaweza kuchimba bwawa lake la kufugia perege au sato. Lakini wengi wanaoanza hukosea jambo moja. Hukimbilia kununua vifaranga kabla maji hayajawa tayari kuwapokea.

Bwawa moja, dogo

Bwawa la kwanza la mita 10 kwa 15 linatosha. Kina kiwe sentimita 80 upande wa maji yanapoingia na mita 1.2 upande wa kutolea. Kazi hiyo ifanyike kiangazi, kabla mvua hazijaanza.

Kwanza pima udongo. Chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji jioni na ulifunike. Asubuhi yakiwa yamepungua kidogo, lijaze tena. Jioni yake yakiwa bado yapo mengi, udongo unafaa. Yakikauka, tafuta mahali pengine, kwani bwawa linalovuja hula fedha kila siku.

Kabla ya kuanza, mwone ofisa uvuvi wa halmashauri, na uulize Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika kuhusu kibali cha kutumia maji ya mto.

Maji yawe ya kijani

Bwawa likishachimbwa, nyunyiza chokaa ya kilimo kilo 15 hadi 20 kwa bwawa la ukubwa huo, ili kupunguza ukali wa udongo. Kisha jaza maji. Jenga kizimba cha fito kwenye pembe moja na utie humo samadi kavu ya ng'ombe, kilo saba au nane kwa wiki. Samadi huotesha mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo chakula cha kwanza cha perege.

Subiri wiki moja hadi mbili, kisha pima kwa mkono. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, bwawa liko tayari. Kikionekana wazi, chakula bado ni kidogo. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, samadi imezidi, acha kuiongeza.

Hapa ndipo nyanda za juu zinapotofautiana na pwani. Perege hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hamu yao ya kula hupungua sana. Hivyo bwawa lisiwe chini ya kivuli cha migomba au miti. Aidha, maji ya mto yasiachwe yapite bwawani mchana na usiku. Maji yanayopita huleta baridi na kuondoka na ule ukijani uliousubiri. Ongeza tu ya kufidia yaliyopungua.

Vifaranga na chakula

Weka vifaranga wawili kwa kila mita moja ya mraba, yaani 300 kwa bwawa hilo. Wasafirishwe alfajiri, na mfuko wao uelee bwawani dakika 15 hadi 20 kabla ya kufunguliwa, wasishtuliwe na tofauti ya joto. Ukiweza, nunua madume matupu. Wakichanganyika na majike watazaana, bwawa lijae samaki wadogo wasiouzika.

Lisha pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu au dagaa waliosagwa, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mahali pale pale. Chakula kisichoisha kwa dakika 20 kimezidi, na kikioza hula hewa ya samaki. Ukiwakuta alfajiri wanahema juu ya maji, acha samadi na chakula mara moja, kisha ingiza maji mapya.

Funga wavu kwenye mabomba yote. Mito mingi ya huku huelekea ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambako yupo perege wa asili asiyejulikana kuishi kwingine. Samaki wa kufugwa wasitorokee huko.

Hesabu kabla ya bwawa la pili

Tuseme kati ya vifaranga 300 wanafika 250, kila mmoja gramu 200. Hizo ni kilo 50. Kama vifaranga, usafiri, chokaa, chakula na vibarua vimegharimu jumla ya shilingi 250,000, kila kilo imekugharimu shilingi 5,000. Linganisha na bei ya sokoni kwako.

Kwa baridi ya huku, usitarajie kuvuna mapema kama wa mabondeni kwenye joto, ambao huchukua miezi sita hadi minane. Bwawa moja likikulipa, chimba la pili. Lisipolipa, utakuwa umepoteza kidogo na kujifunza mengi.