Kugeuza Umeme wa Injini Kuukuu ya Dizeli

Mtu wa Ngara au wa Biharamulo atakaye kuweka mashine ya kusaga mahindi au muhogo mahali ambapo nyaya za umeme hazijafika, aghalabu hununua injini ya dizeli iliyokwisha kutumika. Injini mpya ni ya bei kubwa, na barabara itokayo Nyakanazi kwenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda, ni njia ya malori siku zote. Injini ya lori lililochakaa haikosi mnunuzi. Basi huileta kijijini, huifunga juu ya msingi wa saruji, na ndipo aonapo taabu yake: injini ni ya volti 24, na betri aliyo nayo, pamoja na taa alizozinunua dukani, ni za volti 12. Rafiki zake humwambia, "Funga betri hiyo hiyo moja, itatosha." Haitoshi. Leo tutaeleza sababu yake, na jinsi kazi hii inavyofanywa sawasawa. Maana penye kosa dogo huungua stata, na penye kosa kubwa huungua kibanda pamoja na magunia ya watu waliokuja kusaga.

Kwanza tujue umeme una kazi gani katika injini ya namna hii. Injini ya petroli haiwezi kwenda bila cheche. Ya dizeli haina haja ya cheche. Hewa iliyomo ndani ya silinda hushindiliwa kwa nguvu hata ikawa ya moto sana, na mafuta yanyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Ndiyo njia aliyoifikiri Rudolf Diesel, Mjerumani, ambaye injini yake iliyofaulu ilijaribiwa mwaka 1897. Kwa hiyo injini kuukuu ya dizeli, isiyo na kompyuta wala koki ya mafuta iendeshwayo kwa umeme, ikiisha kuwaka yaweza kwenda mchana kutwa bila msaada wa betri. Umeme huitwa kwa mambo machache: kuizungusha mara ya kwanza kwa stata, kupasha moto vijiti vilivyomo silindani wakati wa baridi (si kila injini inavyo), na kuwasha taa. Tena ikiwa injini yako ni ndogo, ya silinda moja, yenye mkono wa kuzungushia, huenda huna haja ya stata kabisa, na habari yako imekwisha hapo.

Sasa tuje kwenye volti na ampea. Waliopata kusimama Rusumo wameuona mto Kagera ukianguka. Nguvu ya maji yale yatokana na mambo mawili, kimo cha maporomoko na wingi wa maji. Volti ni mfano wa kimo. Ampea ni mfano wa wingi. Ukizidisha volti kwa ampea wapata wati, ndiyo kazi itendekayo. Kimo kikipungua nusu, hapana budi wingi uongezwe mara mbili ili kazi iwe ile ile. Tuseme stata yatumia wati 3,000. Kwa volti 24 itavuta ampea 125. Kwa volti 12 kazi hiyo hiyo yataka ampea 250. Nazo ampea ndizo ziupashazo waya moto: zikiwa mara mbili katika waya ule ule, joto huwa si mara mbili bali mara nne. Ndiyo sababu umeme wa mtambo wa maji wa Rusumo, wenye megawati 80 za kugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, huletwa Nyakanazi kwa volti 220,000. Volti zikiwa nyingi ampea huwa chache, na waya mwembamba kiasi hutosha kuvuka milima ile. Sisi tugeuzao 24 kuwa 12 twaenda kinyume cha mafundi hao, na yatupasa kulipia unene wa waya.

Turudi kwa yule aliyefunga betri moja kwenye stata ya volti 24. Stata yapata nusu ya volti zake, lakini nguvu yake ya kuzungusha hupungua zaidi ya nusu. Injini husukasuka tu. Hewa haishindiliwi upesi, haipati joto, na mafuta hayawaki. Mwenye injini hushikilia swichi tena na tena, na stata iliyobanwa isizunguke huungua kwa moto wake mwenyewe. Kwa upande wa pili, balbu ya volti 12 ikifungwa kwenye volti 24 hukatika mara moja, na hasara yake ni balbu tu. Hasara ya stata ni kubwa mno kuliko hiyo.

Kwa maoni yangu, wengi watakao kugeuza hawana haja ya kugeuza. Betri mbili za volti 12 zikifungwa kwa kufuatana, yaani ncha ya kujumlisha (+) ya hii ikaunganishwa na ncha ya kutoa (−) ya ile, hutoa volti 24, na stata ya asili hufanya kazi yake kama ilivyokusudiwa. Betri hizo ziwe za ukubwa mmoja na umri mmoja. Lakini hapo ndipo watu huingiwa na tamaa: huchomoa waya katikati ya betri mbili ili wapate volti 12 za taa au za redio. Betri ile itumikayo peke yake hupungua, mwenzake haipungui, nayo mashine ya kuchaji haijui tofauti. Huzijaza zote mbili kwa kipimo kimoja. Moja hubaki na njaa na nyingine huchemka, na baada ya muda si mrefu zote mbili hufa. Mwenye kutaka taa za volti 12 na anunue kisanduku cha kupunguza volti 24 kuwa 12, au anunue balbu za volti 24, ambazo hupatikana kwa wauzao vipuri vya malori.

Wako hata hivyo ambao kugeuza kwawafaa: mwenye betri moja nzuri na kubwa asiyeweza kununua ya pili, au mwenye injini ambayo stata yake ya volti 12 yapatikana kwa urahisi kuliko ya 24. Huyu na aanze kwa kufungua waya wa betri ushikao mwili wa injini, kabla ya kugusa kitu kingine. Atazame pia ni ncha gani iliyoshika mwili. Baadhi ya injini za zamani za Kiingereza zilifungwa ncha ya kujumlisha mwilini, na alteneta ya siku hizi ikifungiwa betri kinyume huharibika papo hapo.

Stata mpya iwe na meno sawa na ya kwanza, na izunguke upande ule ule. Alteneta nayo lazima ibadilishwe pamoja na kifaa chake cha kupimia chaji. Ile ya volti 24 hujitahidi kufikisha volti 28. Betri ya volti 12 ikipewa kiasi hicho maji yake huchemka na kutoa hewa iwakayo upesi, na mtu mwenye sigara karibu nayo yuko hatarini. Vijiti vya kupasha moto, balbu, honi na saa za kupimia, vyote viwe vya volti 12. Waya wa stata uwe mnene, hata mara nne ya ule wa kwanza ukitaka upotevu usizidi wa zamani. Kwa hiyo sogeza betri karibu na stata, maana waya mfupi huokoa shaba na fedha. Fyuzi za taa zitataka ampea mara mbili, lakini usiongeze fyuzi kabla ya kuongeza unene wa waya, kwa kuwa fyuzi huwekwa kuulinda waya. Wako wawekao msumari mahali pa fyuzi. Katika kibanda chenye vumbi la unga na matone ya dizeli sakafuni, msumari huo ni kiberiti kilichokwisha kuwashwa.

Kazi ikiisha, pima. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiwa yaenda, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.4, kikipita 15 zima injini utazame alteneta, wala usichomoe betri wakati injini inakwenda. Kisha shika waya wa stata mara tu baada ya kuwasha. Ukiwa na uvuguvugu si neno. Ukiwa wa moto hata mkono hauvumilii, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea, na kazi haijakwisha.