Kutoka Tani Hata Miligramu

Wasomaji wetu wa upande wa Bukoba, toka Kahororo hata Muleba, huuza kahawa yao kwa kilo, husikia habari za mavuno ya mkoa kwa tani, na wakiugua hupewa dawa kwa miligramu. Vipimo hivi vitatu ni vya ukoo mmoja, lakini watu si haba hudhani kwamba kila kimoja kina hesabu yake peke yake. Leo twataka kueleza njia ya kushuka kutoka kipimo kikubwa mpaka kidogo, na ya kupanda tena. Maana asiyeijua aweza kupunjwa mali yake, au hata kudhurika mwili.

Zamani njia hii ilikuwa na miiba. Wadachi, waliojenga boma lao Bukoba mwaka 1890, walipima kwa kilo, na ratili yao ilikuwa gramu 500. Waingereza waliowafuata walikuja na ratili ya gramu 454 hivi. Jina moja, uzito mbalimbali! Tena ratili ya Kiingereza ilikuwa wakia 16, frasila ya Unguja ratili 35, na tani ya Kiingereza frasila 64, yaani ratili 2,240. Mwenye kutaka kujua tani moja ina wakia ngapi alizidisha 64 kwa 35, kisha kwa 16, akapata 35,840. Akikosea mahali pamoja, kazi yote imeharibika.

Vipimo vya siku hizi ni kama ngazi ambayo vipandio vyake vyote ni sawa. Tani 1 ni kilo 1,000. Kilo 1 ni gramu 1,000. Gramu 1 ni miligramu 1,000. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Ukishuka kipandio kimoja, zidisha kwa 1,000. Ukipanda kimoja, gawanya kwa 1,000. Basi tani 1 ni gramu milioni 1, au miligramu bilioni 1. Na ikiwa umeshuka kwenye kipimo kidogo, nawe waona hesabu yako imepungua badala ya kuongezeka, ujue umekosea. Rudi uanze tena.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kahawa yenyewe. Mzani wa dukani hauwezi kupima buni moja. Basi na wahesabu buni 1,000 zilizokauka, wazipime pamoja. Tuseme uzito wake ni gramu 150. Kila buni, kwa wastani, ina gramu 0.15, yaani miligramu 150. Gawanya miligramu bilioni 1 kwa 150, utaona kwamba tani moja ya kahawa kama hiyo ina buni karibu milioni 6 na laki 7.

Sasa tutazame faida yake. Tuseme mzani mbovu unaficha gramu 20 katika kila kilo. Mkulima husema, "Gramu 20 ni kitu gani?" Lakini akileta kilo 300 amepoteza gramu 6,000, ambazo ni kilo 6 kamili. Wenziwe wote wakipima hapo tani 1,000, zimepotea tani 20. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba hiyo hiyo hukikausha. Kwa hiyo yafaa wazee wa kijiji watazame kama mzani umekaguliwa na Wakala wa Vipimo, na kila mkulima aandike kilo zake mwenyewe.

Katika dawa hatari ni kubwa zaidi. Kidonge cha kawaida cha parasetamoli cha mtu mzima kina miligramu 500. Viwili ni gramu 1. Asidi ya foliki wanayopewa kina mama wajawazito mara nyingi ni mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4 tu. Anayesoma mikrogramu akadhani ni miligramu amezidisha dawa mara 1,000. Mwenye shaka asikisie. Na amwulize tabibu kabla ya kumeza au kumpa mtoto.

Neno la mwisho ni juu ya tani. Tani yetu ni kilo 1,000. Ya Kiingereza ya zamani ni kilo 1,016 hivi. Na ya Marekani ni kilo 907 hivi. Ukiletewa barua ya biashara yenye neno hilo, uliza kwanza, "Tani ya wapi?" Katika tani moja tu, tofauti ya yetu na ya Kiingereza hupita frasila nzima.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza: na daftari lenyewe halifai kitu, mwenye kuliandika asipojua vipimo.